Bustani Kabla ya Baridi

Sisi tuliozaliwa Muheza hatukufundishwa kuiogopa baridi. Tulifundishwa kuogopa ukame, ngedere, na bei ya machungwa inapoanguka katikati ya msimu. Baridi kwetu ni jambo la asubuhi: mtu hujitanda shuka au huvaa sweta, akachochea moto, na kufikia saa tatu imekwisha. Ndiyo maana niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna watu huuandaa ukoka wa uwanjani kwa ajili ya baridi, kama mzazi anavyomwandaa mtoto kwenda bwenini, nilicheka. Sikucheka tena baada ya kuiona kazi yenyewe.

Nilikwenda Uingereza miaka michache iliyopita, mwishoni mwa mwezi wa tisa, kumtembelea binti yangu. Anaishi na mumewe na watoto wao wawili karibu na mji wa Stroud, magharibi mwa nchi hiyo. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Katika simu binti alikuwa amesema nakwenda kupumzika wiki sita. Lakini nilipofika nilikuta chumba kimepakwa rangi, kitanda ni kipya, na kabatini mna makoti mawili mazito ya kipimo changu. Mtu hanunuliwi makoti mawili kwa ajili ya wiki sita. Nilinyamaza, naye akanyamaza. Kesho yake tukaenda bustanini.

Bustani yenyewe si kubwa, kiasi cha hatua ishirini kwa kumi na mbili. Katikati pana ukoka, pembeni matuta ya maua, na nyuma kabisa mti mmoja mkubwa wa jirani ambao huangusha majani yake yote upande wetu, bila haya. Binti yangu ni muuguzi, na kazi ya bustani amefundishwa na huyo huyo jirani mwenye mti, mzee wa Kiingereza wa umri wangu, mtu wa maneno machache na reki tatu za namna mbalimbali.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyaondoa majani makavu juu ya ukoka. Nilidhani ni usafi tu, kama tunavyofagia uwanja kwetu. La hasha. Majani yakilala juu ya ukoka wakati wa mvua na baridi, huuzuilia mwanga na hewa, nao huoza. Kisha mzee akaleta reki ya meno ya chuma, tukaukwaruza ukoka mpaka ukatoa uchafu wa mwaka mzima: nyasi zilizokufa, na ile mimea midogo laini inayoota kwenye mawe mabichi. Ulipokwisha ulionekana kama kichwa cha mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Baadaye tukatoboa matundu kwa uma wa bustani, hatua kwa hatua, ili maji ya mvua yapate pa kushukia, maana ukoka ukisimama ndani ya maji miezi minne hufa kwa kukosa hewa. Mashine ya kukatia ikainuliwa kisu, majani yabaki marefu kidogo. Na mbolea yenye naitrojeni nyingi mzee aliipiga marufuku kabisa. Alisema ukiushibisha ukoka mwezi wa kumi, utauzika mwezi wa kwanza.

Niliomba anieleze sababu, kwa kuwa nimefundisha sayansi ya kilimo miaka ishirini na saba na sipendi amri isiyo na maelezo. Sababu ipo, na ni nzuri. Mmea unaostahimili baridi hauwi hodari kwa siku moja. Siku zinapoanza kuwa fupi, huacha kukua, huongeza sukari ndani ya seli zake, na maji yaliyomo humo hupungua kwa kutoka nje kidogo kidogo. Barafu inapokuja, huganda katika nafasi zilizo baina ya seli, si ndani, na mmea huokoka. Lakini mmea uliolishwa ukaendelea kuchipua, machipukizi yake ni laini na yamejaa maji. Usiku mmoja unatosha. Kwa hiyo kuiandaa bustani kwa baridi, sehemu kubwa, ni kuacha kuibembeleza.

Sikujua kabla ya hapo kwamba kwa habari za ukoka nilikuwa nimefika mahali penyewe. Thrupp, kijiji kilicho nje kidogo ya Stroud, ndiko Edwin Budding alikobuni mashine ya kukatia majani ya uwanja, akapata hataza yake mwaka 1830. Bonde lile lilikuwa la viwanda vya nguo za sufu, na viwandani kulikuwa na mashine yenye visu vilivyozunguka, kazi yake kunyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding aliitazama ikinyoa kitambaa, akaiwazia ardhi. Kabla yake ukoka ulikatwa kwa mundu mkubwa wa mpini mrefu, kazi iliyotaka watu wengi wenye ujuzi, tena alfajiri umande haujakauka. Uwanja wa ukoka ulikuwa tangazo. Mwenye nyumba aliwaambia wapita njia: hapa ningeweza kulima ngano au kulisha ng'ombe, lakini sina haja. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuziunda mashine hizo, na baada ya muda hata karani aliweza kuwa na tangazo lake dogo mbele ya mlango. Tangazo hilo likapanda meli likaja kwetu. Nikiwa kijana nilizikuta nyumba za wakoloni kule Amani, milimani, zina ukoka mbele, na vijana wa Kisambaa wakiufyeka jua likiwa utosini. Sikuwahi kujiuliza wazo lile lilitoka bonde gani.

Ukoka hauna matatizo makubwa, kwani umezoea nchi yake. Mashaka yalianza tulipofika kwenye matuta ya maua. Hapo nilimwona binti yangu akitembea polepole kama hakimu. Huu utabaki nje. Huu utaingia ndani. Huu basi. Dalia, ambazo asili yake ni Mexico na mbegu zake zilifika Madrid mwaka 1789, zingeachwa mpaka jalidi ya kwanza izichome majani, kisha viazi vyake vichimbuliwe na kulazwa katika sanduku la mchanga mkavu ghalani. Mipelagonia ya Afrika Kusini ingetiwa vyunguni na kuletwa barazani penye vioo. Mawaridi na vichaka vya kienyeji vingeachwa vilivyo, na kuwekewa matandazo tu mizizini. Niliona kwamba karibu kila kilichotutia wasiwasi kilikuwa kigeni, na nilipenda kumwambia hivyo kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe ulinikaa vibaya mdomoni.

Chini ya ukuta wa kaskazini, kivulini, palikuwa na maua mekundu na ya waridi, mengi, yanachanua kana kwamba hayajaambiwa. Niliinama. Nikabonyeza kitumba kimoja cha mbegu, kikalipuka kidoleni mwangu, na hapo nikayatambua. Ni maua ya mtoni! Yale yanayoota kwenye vijito vya njia ya Amani, penye kivuli na maji, ambayo sisi kwetu hatukuyapa hata hadhi ya jina. Tulipokuwa watoto tulishindana kuvilipua vitumba vyake tukienda kuteka maji. Wataalamu huyaita Impatiens, neno la Kilatini lenye maana ya asiye na subira, kwa sababu hiyo hiyo ya kulipuka.

"Haya nayo yanaingia ndani?" nikauliza.

"Hayo, Baba, ni ya kununua kila mwaka. Jalidi ikija tunang'oa tunatupa."

Niliporudi ndani nilitafuta habari zake, na usiku ule sikulala mapema. Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani ya Kew huko London, aliyapa maua hayo jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Sultani wa wakati huo alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Aliyeyapeleka Kew ni John Kirk, balozi wa Uingereza hapo Unguja, daktari na mwanabotania aliyewahi kufuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi; ndiye huyo huyo aliyembana Barghash mwaka 1873 mpaka akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Mtu ana mkataba mkono mmoja, na mkono wa pili ana miche ya maua. Baadaye ikaonekana kwamba Hooker mwenyewe alikwisha kuuandika mmea huo mwaka 1868 kwa kumbukumbu ya Horace Waller, mmisionari, na kwa kanuni za wanabotania jina la kwanza ndilo hushinda. Hivyo Sultani akanyang'anywa ua lake, likabaki la mmisionari: Impatiens walleriana.

Likawa miongoni mwa maua yanayopandwa kwa wingi kabisa katika bustani za Uingereza na Marekani, kwa kuwa huchanua kivulini miezi yote ya joto bila kudai mengi. Halafu ukaja ubwiri vinyoya. Ulionekana Uingereza mwaka 2003, na mwaka 2011 ulifanya uharibifu mkubwa hata wauzaji wa mbegu wakaliacha ua hilo kwa miaka kadhaa, mpaka zilipopatikana aina zinazouhimili ugonjwa. Katika kibanda cha binti yangu nilikuta trei tupu iliyobaki tangu mwezi wa tano, na kwenye kibandiko chake jina la aina hiyo: Imara. Neno letu kabisa. Imara mbele ya ubwiri, ndiyo. Mbele ya jalidi hakuna aina iliyo imara.

Na dirishani jikoni, juu ya sinki, kulikuwa na jamaa mwingine wa nyumbani. Ni ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo dunia nzima huliita urujuani wa Afrika ingawa si urujuani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala sehemu zetu za Usambara, aliliona, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland katika bustani ya Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akaliita Saintpaulia. Hilo halijawahi kulala nje Ulaya hata usiku mmoja wa baridi. Limeishi vizazi na vizazi juu ya masinki. Binti yangu alilinunua sokoni bila kujua kwamba linatoka karibu na kwao. Nilipomweleza, alilitazama muda mrefu, akaligeuza chungu chake upande wenye mwanga.

Nani huingizwa ndani na nani huachwa? Swali hili lina historia ndefu, na sehemu yake yenye fahari kupita zote iko Ufaransa. Sijafika Versailles, ninayoyajua nimeyasoma. Mfalme Louis wa 14 alipomkamata waziri wake wa fedha, Nicolas Fouquet, mwaka 1661, alichukua pia michungwa ya kasri lake. Miti hiyo na mingine kutoka Italia, Hispania na Ureno ilihitaji pa kulala wakati wa baridi, na kati ya mwaka 1684 na 1686 Jules Hardouin-Mansart akaijengea nyumba. Ukumbi wake wa kati una urefu wa zaidi ya mita 150, kuta zina unene wa mita nne hadi tano, madirisha ni makubwa na yanatazama kusini kulinywa jua. Kila mwaka, katikati ya mwezi wa kumi, miti huingizwa humo ikiwa ndani ya masanduku yake ya mbao, na mwezi wa tano hutolewa. Kazi hiyo inaendelea hadi leo. Mmoja, ulioitwa Grand Connétable, husimuliwa kuwa ulitokana na mbegu iliyopandwa Pamplona mwaka 1421, ukaishi hadi karne ya 19, ukitoka na kuingia.

Na michungwa yenyewe, nilipochunguza, mingi ni midanzi! Danzi, lile tunda kali na chungu ambalo bibi yangu alilitumia kutoa shombo la samaki, na ambalo hakuna mtoto wa Muheza angeliiba hata kwa njaa. Danzi limejengewa kasri.

Majira ya baridi ya mwaka 1709 yalipoingia, tangu usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, Ufaransa iliganda. Mito iliganda, divai iliganda mezani kwa wakubwa, mizeituni ya Provence ilikufa, na ngano iliyokuwa imekwisha kuota mashambani iliungua kwa barafu. Njaa na maradhi yaliyofuata yaliua watu wa Ufaransa kwa malaki. Nadhani kila anayeisoma habari hiyo huzitazama tena zile kuta za mita tano.

Waingereza wao walitumia makaa ya mawe. Huko Chatsworth, Joseph Paxton alimjengea Mtawala wa Devonshire nyumba kubwa mno ya vioo kati ya mwaka 1836 na 1840, yenye matanuri ya kupasha maji moto chini ya ardhi, na ndani yake minazi na migomba na kila kitu cha nchi za joto. Miaka sabini na kitu mimea ile iliishi kwa moto. Vilipokuja Vita Vikuu vya Kwanza, makaa yakawa haba na watunza bustani wakaenda vitani. Moto ukazimwa. Mimea ikafa yote, na mwaka 1920 nyumba ikabomolewa kwa baruti. Habari hii ilinikaa moyoni kuliko ile ya Versailles. Mti wa Versailles ulikuwa na ukuta. Huu wa Chatsworth ulikuwa na mtu wa kutia makaa, na siku mtu yule alipoitwa kwingine, mambo yakaisha.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi tulikuwa tukiuviringishia mzeituni mchanga kitambaa cheupe, binti akishika ncha moja nami nyingine. Ndipo aliposema, bila kuniangalia, "Baba, kwa nini usikae tu? Nyumba ina joto. Kule uko peke yako."

Nilitaka kumjibu kwa habari za Paxton, nikaona si adabu kumpa mtoto aliyekununulia makoti historia ya makaa ya mawe. Nikamwambia lililo kweli. Vuli ilikuwa imeanza nyumbani. Kufikia mwezi wa kumi na mbili majani juu ya kaburi la mama yake yatakuwa yamefika magotini, na sitaki yafyekwe na mtu wa kulipwa. Alifunga kamba mafundo matatu mahali palipotosha fundo moja. Kisha akasema, "Basi chukua koti moja."

Jalidi ya kwanza ilikuja siku chache baadaye. Niliamka alfajiri kwa ajili ya sala, na nilipofungua pazia nikaona bustani imekuwa nyeupe, kila jani limesimama kivyake kama limetiwa chumvi. Sikuweza kujizuia. Nikavaa viatu, nikapita katikati ya ukoka kwenda ukutani kuyaona maua ya mtoni. Yalikuwa bado na rangi zake, lakini magumu, na nilipoyagusa yakalia kama karatasi. Jua lilipoyafikia saa tatu, yalilegea yote kwa pamoja yakawa meusi, maji matupu, kama mchicha uliopikwa ukasahauliwa jikoni. Nimeona mimea mingi ikifa kwa ukame. Ukame huua taratibu na kumpa mtu nafasi ya kuteka maji. Hii sikuwahi kuiona.

Mzee jirani alinipigia kelele kutoka dirishani kwake, rudi kwa njia ya mawe! Nilikuwa nimefanya kosa ambalo hata mtoto wa huko halifanyi. Jani la ukoka lililoganda ukilikanyaga, barafu huzipasua seli zake, na palipokanyagwa hufa. Kufikia jioni nyayo zangu zilikuwa zimejichora hudhurungi katikati ya ukoka tulioutaabikia mwezi mzima. Niliomba radhi. Mzee akasema si kitu, zitaota tena mwezi wa tatu, joto likirudi.

Kabla ya hapo, siku ile ya kuufunga mzeituni, nilikuwa nimekata kijiti kimoja cha yale maua na kukitia katika glasi ya maji, kando ya lile ua la Usambara. Nilipoondoka katikati ya mwezi wa kumi na moja kilikuwa kimetoa mizizi myeupe. Koti nilichukua moja.

Mwezi wa kwanza walinipigia simu. Mimi nilikuwa makaburini na fyekeo, jua kali, na sauti ya mjukuu ikaja na kukatika. Kijiti kiko hai, kimerefuka, majani yamepauka, lakini kimetoa ua moja. Kisha akasema, "Babu, nyayo zako bado zipo." Alikuwa amezihesabu: kumi na moja za kwenda ukutani, na za kurudi hakuna, kwa kuwa nilirudi kwa njia ya mawe.